Muda Uandikwao na Muda Uogelewao

Katika mashindano ya kuogelea ya watu wazima wasiolipwa kwa mchezo wao, ipo hadaa moja ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa si kitu, kwa kuwa husemwa haimpi mwenye kuitenda nishani wala haimnyang'anyi mwenziwe. Nayo ni kuandika katika fomu ya kujisajili muda usio wa kweli. Nathubutu kusema kwamba hiyo ni dhuluma, na kwamba twaiona ndogo kwa sababu macho yetu humwelekea mshindi, hali aliyedhulumiwa yu njia ya pili au ya saba, akihangaika na mawimbi ya mtu asiyestahili kuwa jirani yake.

Asili ya mashindano hayo yajulikana. Mwaka 1970, katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas, Marekani, walikutana kwa mara ya kwanza kitaifa waogeleaji waliokwisha kuuaga ujana, kwa juhudi za daktari wa jeshi la majini, Ransom Arthur, aliyeitakidi kwamba mtu mzima mwenye siku ya mashindano mbele yake hudumu katika mazoezi, na kwa kudumu huko afya yake husalimika. Mwaka 1986 Tokyo ilipokea mashindano ya kwanza ya dunia ya namna hiyo, na mwaka 2024 yakafika Doha, katika Ghuba. Washindani hugawanywa kwa marika ya miaka mitano mitano, hata mtu wa miaka tisini akawa na wa rika lake wa kupimana naye.

Walakini hakuna humo mchujo wala nusu fainali. Kila mtu huogelea mara moja tu katika kila mbio, na saa ndiyo hukumu yake. Makundi, yawe ya rika moja au ya marika mchanganyiko, hupangwa kwa muda ambao kila mtu ameuandika mwenyewe, wa taratibu wakitangulia na wa kasi wakifuata; na katika bwawa la njia nane, mwenye muda bora wa kundi lake hupewa njia ya nne, wa pili yake ya tano, wa tatu yake ya tatu, na vivyo hivyo hadi pembezoni. Mpango mzima, basi, umesimama juu ya ushahidi wa watu kuhusu nafsi zao, na aghalabu hakuna anayeukagua.

Wako wanaojishusha. Mtu awezaye kumaliza mita 100 kwa dakika moja na sekunde tano huandika dakika moja na nusu, apangwe na wa taratibu, awaache nyuma kwa zaidi ya nusu ya bwawa la mita 50, na apigiwe makofi ambayo, nadhani, huyasikia yeye zaidi kuliko anayepiga. Huyo ni wa kuhurumiwa. Mwenye hila hasa ni yule anayepiga hesabu ya mapumziko: zikifuatana mita 200 za kipepeo na mita 100 za mtindo huru, ataandika muda mbovu katika ile ya kwanza, aogelee mapema, na muda mzuri kupita uwezo wake katika ile ya pili, aogelee mwishoni, akijichumia dakika za kupumua ambazo wenziwe wa rika lile hawakuzipata. Hapo lile dai kwamba hadaa haigusi nishani huanguka lenyewe. Kurani ina sura, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wenye kupunja vipimo, nami sioni kwa nini dakika isihesabiwe miongoni mwa vipimo.

Lakini madhara makubwa zaidi hutokana na wanaojipandisha kwa ghururi, na huonekana katika mbio ndefu. Kundi la mita 1500 haliishi mpaka wa mwisho wake aguse ukuta. Aliyeandika dakika 22, akaogelea kwa dakika 33, huwazuilia bwawa dakika 11 waamuzi, wapima muda, na wazee wanaongoja zamu yao wakiwa wamekwisha kupasha miili moto na sasa inawapoa. Tena kanuni za watu wazima zaruhusu, katika mbio hizo ndefu, waogeleaji wawili kupangwa njia moja ili siku isimalizike kabla ya ratiba. Kama wawili hao wamesema kweli, hugawana maji kwa salama; kama mmoja amesema uongo, mwenziwe atakutana naye tena na tena, mkono kwa mkono na mguu kwa uso, na muda aliouandaa kwa msimu mzima utaharibika bila taksiri yake.

Najua wapo wasiojua muda wao: aliyerudi majini baada ya miaka mingi, au aliyetoka kupasuliwa goti. Kwao upo mlango wa halali, wa kujisajili bila muda wowote na kuridhika na kundi la taratibu kabisa. Sipendi pia rai ya wanaotaka kumwondoa mashindanoni kila anayeogelea haraka kuliko alivyoandika, kwani furaha ya mtu wa miaka hamsini na mitano kujishinda mwenyewe haifai kugeuzwa kosa.

Ninachotaka ni kidogo. Karatasi za matokeo mara nyingi huchapishwa zikiwa na muda ulioandikwa kando ya muda ulioogelewa. Wasimamizi wazihifadhi na wazisome. Kwa mbio za mita 400 na zaidi, kila mshindani atakiwe kuleta muda aliouogelea katika miaka miwili iliyopita, au aliopimwa na mwalimu wake, na msimamizi awe na idhini ya kumhamisha kundi yule ambaye karatasi zamkanusha, bila kesi na bila kumfedhehesha. Katika mita 50 sioni haja ya haya yote. Huko mkweli na mwongo hupishana kwa sekunde chache, na msimamizi ana kazi nyingine.