Mgeni na Jembe

Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, mwenzetu mmoja alitusomea barua ya mwanawe aliyeko masomoni Marekani. Kijana huyo asoma uhasibu, naye amwomba baba yake ruhusa ya kuongeza somo dogo liitwalo Kilimo cha Mataifa. Mzee alipokwisha kuisoma, aliikunja barua akasema, "Nilimsomesha ili aachane na jembe, sasa avuka bahari kulifuata!" Wengi wetu tulicheka. Lakini kicheko kilipokwisha, jambo lenyewe lilibaki pale pale, nasi twaona yatupasa kulijibu.

Kwanza tueleze maana yake. Katika vyuo vikuu vya Marekani kila mwanafunzi ana somo kuu, ndilo la shahada yake. Akipenda, aweza kuongeza somo dogo, ambalo kwa kawaida ni mafunzo 5 au 6 tu kati ya 40 hivi ya shahada nzima. Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1855 kama shule ya wakulima, ni kimoja cha vile vifundishavyo Kilimo cha Mataifa kwa njia hiyo. Vyuo vya namna hii vilipata nguvu kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862, iliyoyapa majimbo ardhi ya kuuzwa ili fedha zake zitumike kufundisha kilimo na ufundi. Basi kule jembe na kalamu hukaa nyumba moja tangu zamani.

Huenda mtu akauliza: kila nchi ina udongo wake na mvua zake, kilimo cha mataifa ndicho kipi? Tumjibu kwa muhogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao Wareno ndio walioleta mmea huo Afrika. Ugonjwa wake wa batobato ulielezwa kwa maandishi mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi yetu hii. Miaka ya 1930, huko Amani katika milima ya Usambara, wataalamu Storey na Nichols waliuzalisha muhogo pamoja na mpira wa Ceará, mti wa ukoo wake utokao Brazil. Kizazi chake kilipelekwa Nigeria, na miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan walikitumia kupata mihogo istahimiliyo batobato. Kisha mihogo hiyo ikarudi upande wetu wa Afrika, ikapandwa Uganda katika miaka ya 1990, wakati batobato kali ilipokuwa ikiteketeza mashamba. Je, chakula hicho ni elimu ya taifa gani peke yake?

Na hasara ya kutojifunza twaijua vile vile, tuitazame Kongwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma watu kupima nchi kwa ajili ya kilimo cha karanga, nao wakaimaliza kazi kwa majuma 9 hivi. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka. Mvua zikawa haba, na jua lilipowaka udongo ukawa mgumu kama sementi. Wagogo, walioishi na ukame ule vizazi na vizazi, walikuwapo, lakini elimu yao haikutiwa katika hesabu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea.

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaona neno hili ndilo somo zima la Kilimo cha Mataifa. Mgeni asiyeshika jembe pamoja na mwenyeji wake hawezi kumshauri. Somo dogo halimfanyi mtu bingwa, na kijana asirudi akijiita bwana shamba. Lakini likifundishwa vema humzoeza kuuliza kabla ya kuamuru. Mhasibu ajuaye majira ya mavuno hatamdai mkulima mkopo katika mwezi wa kupanda, na katika chama cha ushirika mtu wa namna hiyo ni hazina.

Sasa tujitazame sisi wenyewe, ndugu watumishi. Ni wangapi kati yetu ambao karo zao zililipwa kwa kahawa, kwa pamba, au kwa ng'ombe aliyeuzwa mama akilia? Nasi leo twawaandikia wakulima barua ambazo wao hawawezi kuzifahamu, kisha twawaita wakaidi. Vijana wa ng'ambo wajifunza habari za mihogo yetu darasani, nasi twaona haya watoto wetu wakiitaja. Aibu hiyo si ya jembe, ni yetu.

Kwa hiyo twamsihi mwenzetu aijibu barua ile kwa kukubali. Naye aongeze sharti moja: likizo ijayo kijana aende kwa bibi yake msimu wa kulima, si kwa kumtembelea tu, bali ashike mpini. Na wale ambao watoto wao hawatavuka bahari wakumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kipo Morogoro tangu mwaka 1984. Mtoto akikitaja, tusimcheke.