Nani Amlipe Mtafuta Watu?

Iko kazi moja ambayo wengi wetu hatuijui, lakini yafaa tujue malipo yake. Ni kazi ya kutafuta mabwana wakubwa. Kampuni ikitaka meneja mkuu, mara nyingi haibandiki tangazo langoni. Humwita mtafuta watu, naye humwendea kwa siri mtu aliye kazini mahali pengine, akamwuliza kama angependa kuhama. Katika Marekani kazi hii ni ya siku nyingi. Mwaka wa 1953 Gardner Heidrick na John Struggles walianzisha kampuni yao katika mji wa Chicago, na mwaka wa 1956 Spencer Stuart akaanzisha yake katika mji huo huo. Wako watu ambao wamefanya kazi hiyo tangu ujana hata uzee.

Desturi yao ni kutoza kama theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Mshahara ukiwa shilingi 12,000,000 kwa mwaka, mtafutaji hupata kama shilingi 4,000,000. Nani hulipa? Ni tajiri. Meneja mwenyewe halipi hata senti moja.

Sasa tumtazame mfanya kazi mdogo. Kijana atafutaye kazi ya ulinzi, au utumishi wa nyumbani katika nchi za Waarabu, mara nyingi huambiwa na wakala alete pesa za fomu, za daktari na za mafunzo. Mzazi huuza ng'ombe, au hukopa. Kijana huyo huingia kazini na deni shingoni, na mwenye deni huogopa kuuliza saa za kazi, huogopa kudai mshahara, tena huogopa kujiunga na chama.

Wengine husema wakala naye sharti ale. Kweli, aliyefanya kazi alipwe. Lakini alimfanyia nani kazi? Tajiri ndiye aliyehitaji watu. Sisi wa relwe twajua kwamba treni haiendi kwa meneja peke yake. Kama tajiri aweza kulipa ili ampate meneja, alipe pia ili ampate kuli.

Mapatano namba 181 ya Shirika la Kazi la Ulimwengu, ya mwaka wa 1997, yasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala asimtoze mfanya kazi ada, waziwazi wala kwa kuzunguka. Lakini kifungu hicho chaacha mlango: serikali yaweza kuruhusu ada kwa wafanya kazi wa namna fulani, baada ya kushauriana na vyama vya matajiri na vya wafanya kazi. Mlango huo ndio tuulinde. Chama kikiulizwa, kisikubali ada ambayo meneja hatozwi.

Basi, ndugu, mwenye mtoto au jamaa aliyedaiwa pesa ili aandikwe kazi, asinyamaze. Adai stakabadhi, ailete kwa katibu wa tawi. Maneno matupu hayatatusaidia mbele ya Ofisi ya Kazi, karatasi itatusaidia.