Kujitegemea Kuendane na Vipimo

Fundi wa Mpanda anayehamisha pampu na boksi la usukani kutoka gari bovu na kuvifunga katika gari aliloliunda mwenyewe anatekeleza kujitegemea kwa vitendo. Kumbeza ni kasumba. Gari la Nyumbu, lililoundwa Kibaha katika miaka ya 1980, ni ushahidi kwamba Mtanzania anaweza.

Hata hivyo, pampu isiyolingana na boksi huweza kupasua mipira ya mafuta, na kiungo kilichochomelewa ovyo hukatika gari likiwa mwendoni. Anayeumia ni abiria.

Viongozi wa Katavi hawana budi kuwapatia mafundi vipimo na mafunzo kupitia SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kulea viwanda vidogo. Nao mafundi wakubali magari yao yakaguliwe kabla ya kuingia barabarani.