Kosa la masijala lisimwangukie mrufani

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kukata rufaa pale mahakama inapoamua juu ya haki na wajibu wake. Lakini hakuna anayeweza kuwashawishi majaji wa Mahakama ya Rufani kwamba Mahakama Kuu ilikosea bila kuwaonyesha hukumu, maneno ya mashahidi na vielelezo vilivyopokelewa. Karatasi hizo ziko masijala. Huko ndiko rufaa nyingi za madai zinakokwama, na tunasema bila kumung'unya maneno kwamba nyingine hufa kwa makosa ambayo mrufani hakuyatenda.

Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinamtaka aliyeshindwa shauri la madai atoe taarifa ya rufaa ndani ya siku 30, kisha afungue rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu siku aliyoitoa. Kwa kuwa nakala za mwenendo wa shauri huchelewa kuchapwa, kanuni ya 90 inamruhusu msajili kutoa cheti kinachoondoa kwenye hesabu siku zilizotumika kuziandaa. Ili mrufani anufaike nacho, awe ameomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na barua hiyo ampelekee mpinzani wake pia. Asipompelekea, cheti hakimsaidii.

Sasa tazama cheti chenyewe. Kinaandaliwa na ofisi ya msajili, kinasainiwa na msajili, kinagongwa muhuri wa mahakama. Humo ofisa akiandika kwamba barua ya mrufani ilipokelewa tarehe 15 wakati muhuri ulio juu ya barua unasema tarehe 12, cheti kina dosari. Kwa miaka mingi msimamo wa Mahakama ya Rufani umekuwa kwamba cheti chenye dosari hakina nguvu, na kwamba mrufani alipaswa kukikagua kabla ya kukitumia. Rufaa huondolewa mahakamani kwa kupitwa na muda. Katika baadhi ya mashauri ya karibuni majaji wameruhusu cheti kirekebishwe, na tunawapongeza kwa hilo. Hata hivyo haki ya mtu haipaswi kutegemea kama jopo lililopangwa siku hiyo litakubali kusahihisha kosa la ofisi ya mahakama.

Marekebisho ya mwaka 2019 yalimtaka msajili awe na nakala tayari ndani ya siku 90 tangu kuombwa. Ni hatua njema, lakini siku 90 zikipita bila nakala, kanuni haisemi msajili atafanywa nini. Inamgeukia mrufani: ndani ya siku 14 zinazofuata awe amechukua hatua ya kuzifuata. Mkulima wa Tunduru aliyeshindwa shauri la shamba Mahakama Kuu Songea ndiye atafute nauli akaulizie kazi ambayo ofisi ya umma haikuimaliza kwa wakati. Huu ni uonevu, hata kama umeandikwa kwenye kanuni.

Tunajua hoja ya upande wa pili. Aliyeshinda naye ana haki ya kuona shauri lake limefika mwisho, na bila ukomo wa muda kesi zingerithiwa na wajukuu. Tunakubaliana nayo kabisa. Ukomo wa muda umbane mwananchi mzembe, na umbane vivyo hivyo mtumishi wa mahakama.

Njia ipo, tena imo ndani ya kanuni hizo hizo. Katika rufaa za jinai, wajibu wa kuandaa kumbukumbu za rufaa ni wa msajili, si wa mfungwa. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo nalo, rufaa yake ya kwenda Mahakama Kuu hufunguliwa Mahakama ya Wilaya, na mahakama hiyo ndiyo inayotuma jalada. Njia hizo nazo zina mapungufu. Zipo rufaa za jinai ambazo jalada lilitafutwa likakosekana. Hata hivyo zinaonyesha kwamba mahakama inaweza kubeba mzigo wa karatasi zake yenyewe.

Ibara ya 107A(2)(e) inaziagiza mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Mwaka 2018 Bunge likaongeza msisitizo kwa sheria inayotaka mashauri yaamuliwe kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Maneno hayo yametimizwa nusu. Mfumo wa kielektroniki wa kusajili mashauri umepunguza foleni za masijala, lakini haumsaidii mtu anayesubiri mwenendo ambao haujachapwa.

Kanuni hizi hutungwa na Jaji Mkuu, kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri muswada. Tunamtaka azirekebishe ili kosa lililo kwenye cheti cha msajili lirekebishwe na msajili bila rufaa kuondolewa, na ili nakala zisipokuwa tayari ndani ya siku 90, muda wa mrufani usianze kuhesabiwa hadi aarifiwe kwa maandishi kwamba ziko tayari. Hadi hapo, msomaji uliyeshindwa shauri la madai Mahakama Kuu, omba nakala kwa maandishi wiki hiyo hiyo, mpelekee mpinzani wako barua hiyo akusainie, na usiondoke masijala bila nakala yako iliyogongwa muhuri wenye tarehe inayosomeka.