Tone la oili laweza kuiua injini kuukuu

WAHENGA walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo unawahusu wenye magari kuukuu kuliko wanavyodhani. Katika vilima vya Birongo, Kaunti ya Kisii, gari la zamani si anasa, bali ni chombo cha kupeleka ndizi sokoni na mgonjwa hospitalini.

Kenya hairuhusu uagizaji wa magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane. Hata hivyo, gari likishaingia nchini huzeekea papa hapa. Joto la miaka mingi huikausha gasketi ya mpira, ikapasuka na oili ikaanza kuvuja.

Kosa la wengi ni pupa. Hupaka gundi ya silikoni palipolowa bila kutafuta chanzo, ilhali oili hutiririka kuelekea chini na kutawanywa na upepo gari linapokwenda. Huenda madoa ya chini yametokana na kifuniko cha tapeti kilicho juu. Njia ya busara ni kuisafisha injini ikiwa imepoa, kuliendesha gari kwa muda mfupi, kisha kukagua kuanzia juu.

Gasketi ya kifuniko hicho yaweza kubadilishwa nyumbani kwa spana chache, mradi bolti zikazwe kwa kiasi. Vali ya kupumulia injini nayo ikaguliwe, kwani ikiziba, shinikizo la ndani huisukuma oili nje hata kama sili ni mpya. Lakini sili ya nyuma, iliyo kati ya injini na giaboksi, ni kazi ya fundi, kwa kuwa sharti giaboksi ishushwe. Na katu mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Gharama za kumiliki gari zimekuwa suala la kisiasa. Mwaka wa 2024, Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, pendekezo lililoondolewa Juni mwaka huo kufuatia upinzani mkali. Ushuru huo wananchi waliukataa, lakini kuna mwingine wanaojitoza wenyewe: kuongeza oili kila wiki badala ya kuziba inakovujia.

Kiwango cha oili kikishuka mno, vyuma husagana na injini hukwama. Ikidondokea ekzosi yenye moto, yaweza kuwaka. Na inayomwagwa ovyo husombwa na mvua hadi mitoni, wanakochota maji hata wasiomiliki gari.