Semina ya siku moja haitamsaidia mtoto mwenye usonji

Sheria tunazo za kutosha. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake katika jamii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza skuli kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya ulemavu, na sheria iyo hiyo inapiga marufuku kiboko. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu mahali pa ile ya 2003. Lakini mzazi wa Kisauni au Malindi mwenye mtoto wa usonji akifika langoni asubuhi hakutani na sheria, hukutana na mwalimu. Na mwalimu huyo mara nyingi hajafundishwa lolote kuhusu usonji zaidi ya neno lenyewe.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, si maradhi ya kuambukizwa wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mapema, na huonekana katika mazungumzo, katika kuchanganyika na wenzake, katika kushikilia mambo yale yale kila siku, na katika masikio, macho na ngozi vinavyohisi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa nao. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, lakini ukiyapeleka kwenye skuli ya wanafunzi 1,000 unapata watoto wanane hivi. Muulize mwalimu mkuu yeyote hapa Pwani atakuhesabia wangapi.

Hawaonekani kwa sababu sisi wenyewe tuna majina mengine ya kuwaita. Asiyeitikia salamu huitwa mkosa adabu. Anayeziba masikio kengele ikilia huitwa mtundu, na anayerudia neno moja asubuhi kutwa huambiwa ana mashetani. Kuna jambo jingine ambalo silisikii likisemwa. Kwetu mtoto hufunzwa asimkodolee mkubwa macho. Basi yule asiyeweza kumtazama mtu usoni, ambayo ni dalili mojawapo, hupita kama mtoto mwenye heshima, na akiwa msichana na mkimya, husifiwa. Mwalimu wa huku anahitaji kufundishwa kwa mifano ya huku. Mifano ya kitabu kilichoandikwa Uingereza haitamsaidia kumtambua msichana huyo.

Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2015 uchunguzi uliowahusisha wazazi na wataalamu wa Pwani, Waislamu, Wakristo na wanaofuata dini za jadi. Waliotajwa kuwa chanzo cha usonji ni pepo, uchawi na laana, sambamba na sababu za kitabibu kama matatizo ya kujifungua. Tiba nazo zilikuwa za aina tatu: mganga, maombi na hospitali. Sishangai. Mimi ni Muislamu na siwezi kumwambia mama aache kumsomea mwanawe. Ninachosema ni kwamba kisomo cha Alhamisi usiku hakimfundishi mwalimu wa Ijumaa asubuhi namna ya kumuelekeza mtoto atoe daftari.

Na mambo ya kufundishwa si ya ajabu. Ratiba ya siku ichorwe kwa picha na kubandikwa ukutani, mtoto ajue baada ya hesabu kuna uji. Maagizo yawe mafupi, moja moja. Kitu kikibadilika, aambiwe mapema. Pawe na pembe tulivu ya kukimbilia kelele zikizidi, na isiwe mahali pa adhabu. Akipenda matatu, mfundishe kuhesabu kwa matatu. Zaidi ya yote, mwalimu ajue kutofautisha mtoto anayekaidi na mtoto aliyezidiwa, kwa sababu wa pili ukimpigia kelele unamwongezea mzigo ule ule uliomwangusha. Najua mwalimu mwenye watoto sitini darasani atanicheka, na ana haki. Ndiyo maana mafunzo bila msaidizi darasani ni nusu ya kazi.

Nchini tuna Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986. Iko Nairobi, kule Kasarani. Walimu ninaowajua waliosomea huko walitumia likizo zao na pesa zao wenyewe. Mmoja alirudi na diploma, akakaa na watoto wake mwaka mmoja, kisha akahamishwa kwenda skuli isiyo na hata mtoto mmoja anayejulikana kuwa na usonji. Kwa wengine mafunzo ni semina ya hoteli: asubuhi hotuba, mchana pilau, jioni cheti. Tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, fulana za buluu huvaliwa. Kesho yake darasa ni lile lile.

Tuna mfano bora zaidi hapa hapa Mombasa, tena wa zamani. Miaka ya 1980 mpango wa madrasa wa chekechea ulianza katika mji huu kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akiwa mbele, ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Walichukuliwa wanawake wa mitaani mwetu, wengi bila masomo makubwa, wakafundishwa ualimu. Siri yake ilikuwa kwamba mkufunzi aliwafuata darasani, akawaangalia wakifundisha, akawarekebisha, akarudi tena. Mafunzo ya usonji yanataka mtindo huo: mkufunzi mmoja kwa kundi la skuli jirani, anayezunguka mwaka mzima.

Nisiwasahau maustadhi. Mtoto wa Pwani ana madarasa mawili, skuli asubuhi na chuo alasiri. Skuli ikimuelewa na chuoni akachapwa kwa kutoketi kitako na kutikisa mikono, tumempotezea nusu ya siku. Kamati za misikiti hazihitaji kusubiri serikali kumwalika mkufunzi azungumze na maustadhi wao. Fiqhi yetu haimtwishi mtu asichokiweza, na maalim anayelijua hilo kitabuni anapaswa kulijua mbele ya mtoto pia.

Kuhusu serikali, tusielekeze kidole Nairobi peke yake. Mpangilio wa Nne wa Katiba umezipa kaunti elimu ya chekechea. Walimu wa PP1 na PP2 ni wa gavana, na ni wao wanaomuona mtoto kwanza, akiwa na miaka minne au mitano, wakati msaada unafaa zaidi. Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu hazihitaji idhini ya waziri kuwafundisha.

Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla yake kaunti huita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Mimi nitakwenda na swali moja: katika pesa za chekechea, ni shilingi ngapi za kumfundisha mwalimu baada ya kuajiriwa, na nani atakayemfuata darasani? Mzazi mwenye mtoto kama huyu na aje na lake.