Haibiskasi ya Ugo na Haibiskasi ya Msitu

Katika shule nyingi za sekondari, somo la sehemu za ua hufundishwa kwa haibiskasi nyekundu. Sababu yaeleweka: ua hilo ni kubwa, petali zake tano zahesabika kwa urahisi, na stameni zilizoungana kuwa mrija zaonekana bila hadubini. Lakini mwanafunzi hudhani kuwa amechunguza ua la asili ya nchi yake. Sivyo. Mmea huo, Hibiscus rosa-sinensis, uliletwa kutoka ng'ambo.

Ndugu yake wa asili, Hibiscus schizopetalus, humea katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Ua lake huning'inia, na petali zake zimechanikachanika na kujikunja kuelekea nyuma. Hata wataalamu waliwahi kuuhesabu kuwa namna tu ya haibiskasi nyekundu, mpaka Joseph Hooker wa Uingereza alipoutambua kuwa spishi kamili mwaka 1880.

Hatusemi kwamba mimea yote ya kigeni ni adui. Haibiskasi ya ugo huenezwa zaidi kwa vipandikizi, yaani kwa mkono wa mtu. Haifanani na Lantana camara kutoka Amerika, ambayo mbegu zake husambazwa na ndege hata ikavamia malisho na misitu. Hasara ya haibiskasi ya ugo imo katika elimu: tusichokijua hatukililii kinapotoweka, na misitu ya pwani yazidi kukatwa kwa mkaa na mashamba.

Yafaa tujifunze kutoka Hawaii. Mwaka 1923 haibiskasi ilichaguliwa huko kuwa ua rasmi bila kutajwa spishi. Mwaka 1988 tu ndipo sheria ilipoitaja Hibiscus brackenridgei, ile ya manjano ya asili. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliiorodhesha miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka. Heshima ilifika, lakini ilikawia.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Basi walimu waendelee kupasua ua la ugo, lakini kando yake wapande lile la pwani, kwa vipandikizi vya bustanini, wala si kwa kung'oa miche msituni. Kila mmea uwekewe kibao chenye jina na asili yake. Mwanafunzi akiyalinganisha maua hayo mawili, atajifunza pia kuuliza kila mmea umetoka wapi.